Sikio la Teofil Szymura

Tarehe nne Desemba, saa moja asubuhi, Teofil Szymura aliingia kiwandani akiwa amevaa koti jeusi lenye vifungo vya shaba, na kofia ndefu yenye shada la manyoya meusi juu yake. Sisi wanawake wa meza ya taa, ile ya kusafishia samaki, tulikuwa tumeshafunga aproni, visu mkononi, samaki wa kwanza wamelala mbele yetu. Kiwanda kizima kikasimama kumtazama.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mpolandi mwenzetu, Mirek, wa mashine ya kukata vichwa.

"Jamani, leo jogoo kajileta mwenyewe machinjioni!"

Tulicheka mpaka tukaweka visu chini. Wenyeji hawakuelewa maneno, lakini shada waliliona, nao wakacheka. Steinar, msimamizi wetu, mzaliwa wa Kaldavik na mtoto wa mzaliwa, akatoka ofisini, akamtazama Teofil kutoka kofia mpaka viatu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa kati ya Wapolandi wa zamu ile mimi ndiye niliyeijua lugha yao.

"Wiesława, huyu anaoa leo?"

"Haoi. Leo ni siku ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi. Kwao Silesia, mkoa wa makaa wa kwetu Polandi, wachimbaji huvaa hivi siku hii."

"Lakini huku hatuna mgodi. Tuna samaki."

Nikamtafsiria Teofil. Akavua kofia taratibu, akaiweka juu ya kabati la glovu kama mtu anayelaza mtoto.

"Mwambie mlima upo," akasema. "Penye mlima, Barbara hakosi kazi."

Steinar akatazama nje dirishani, mahali ambapo mlima ungeonekana kama kungekuwa na mwanga, akarudi ofisini kwake.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Teofil alikuwa mchimba makaa. Alikuwa amekaa nasi miaka minne bila kulisema. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mpana, masikio makubwa, na katika ngozi ya mikono yake mlikuwa na alama za buluu, vumbi la makaa lililoingia kwenye vidonda vya zamani likagoma kutoka. Siku ile ya sikukuu alitueleza mengine: miaka ishirini na sita chini ya ardhi, na katika hiyo kumi na mitano kwenye kikosi cha kuokoa watu waliofukiwa. Alisema hayo akila mkate wake, kama mtu anayeeleza alikosomea. Mirek akamuuliza sasa mbona aliacha, akasema, "Nilichoka," na hapo mazungumzo yakaisha.

Tulikaa nyumba moja ya wafanyakazi, yeye juu, mimi chini. Kila Jumapili alikuwa akipika matonge ya viazi ya kwao, yale ya kubonyezwa kwa kidole gumba katikati ili mchuzi upate pa kukaa, na alikuwa akigonga mlango wa kila mtu. Mirek alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kumtania. Kipolandi cha Teofil kilikuwa cha Silesia, nusu yake maneno yenye Kijerumani ndani, ambayo sisi wa mashariki hatuyajui.

"Ongea Kipolandi, Mjerumani wee!"

"Wewe kula kwanza," Teofil alikuwa akimjibu. "Tumbo lako linaelewa lugha zote."

Sasa niseme ukweli kuhusu sisi, maana bila huo habari hii itakuwa nusu. Kaldavik ni kijiji cha wavuvi huko kaskazini ya mbali, cha watu mia tatu. Karibu mia ni Wapolandi, kuna Wafilipino kama thelathini, waliobaki ni wenyeji. Bwawa la kuogelea la kijiji lina mabeseni matatu ya maji ya moto. Hakuna aliyeandika sheria popote, lakini wenyeji walikaa beseni la juu, sisi la kati, na Wafilipino lile dogo la karibu na mlango, ambapo upepo unapita. Maji yalitoka bomba moja.

Wenyeji walisema Wapolandi wanafanya kazi kama punda na kuondoka kama ndege, hivyo mtu ajifunze majina yao ya nini? Sisi tulisema wenyeji ni baridi kuliko samaki wao, wanakujua miaka kumi na hawajawahi kukukaribisha kikombe cha kahawa. Na kuhusu Wafilipino tulisema mabaya zaidi. Aliyekanyagwa naye hutafuta wa kukanyaga. Mimi nilisimama meza moja na Marivic, mwanamke wa Kifilipino, kwa miaka miwili, taa ikituangaza kutoka chini, mikono yetu ikigusana juu ya samaki uleule tukitoa miiba na minyoo, na sikumsalimia hata siku moja. Kosa lake ni kwamba alikuwa na kasi kunishinda, na kwamba alikuwa akiimba. Siku tatu kwa wiki hakuja kiwandani. Alikwenda kumtunza mama yake Steinar, bibi Sigurlaug, ambaye kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kumwachia maneno machache tu. Sisi tukasema, ndio hivyo, kajipenyeza mpaka nyumbani kwa bosi.

Teofil naye alisema? Alisema. Hakuwa malaika. "Kile kinanda chenu kinanipasua kichwa," alikuwa akinung'unika Marivic akianza wimbo. Alipenda ukimya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Januari ile ilivuma dhoruba ya theluji siku mbili mfululizo. Barabara ya kuvuka mlima ikafungwa, mashua zikafungwa gatini. Watu wa nyumba za mtaa wa juu waliambiwa wahame, wakahamia shuleni. Nyumba ya bibi Sigurlaug ilikuwa hatua mia chini ya mstari wa hatari ya poromoko la theluji, nao waliouchora mstari huo walisema hapo ni salama. Siku ya tatu, Jumanne, upepo ukalegea. Tukaenda kazini.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, giza la Januari likianza kuwa kijivu. Watu huniuliza kama nilisikia kishindo. Sikusikia. Kwanza masikio yaliziba, kama mtu ameniziba kwa viganja kutoka nyuma. Madirisha ya upande wa mlima yakajikunja kuelekea ndani, nikayaona yanajikunja, halafu yakapasuka, na vumbi la theluji likaingia ukumbini jeupe kama unga wa mashine ya kusaga. Taa zikazimika. Mashine zikafa. Ukanda wa kusafirishia samaki ulikuwa umeinama kidogo, kwa hiyo samaki waliendelea kuteleza wenyewe gizani, mmoja mmoja, wakianguka sakafuni: pa, pa, pa. Ndiyo sauti pekee iliyokuwapo duniani.

Steinar alikuwa pia mkuu wa kikosi cha uokoaji cha kijiji. Redio ilikuwa kiunoni mwake, na sisi wote tukaisikia ikisema: "Steinar, nyumba ya mama yako. Steinar… haipo."

Tulitoka mbio. Mimi nimeona bahari ikiwa na hasira, nimeona moto ukila ghala, lakini sijaona kitu kilichonifanya nijione mdogo kama ule mteremko. Palipokuwa na nyumba, bustani, uzio na nguzo ya taa, palikuwa pametandazwa weupe laini, kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu tangu kuumbwa kwa mbingu. Mlima wenyewe ulisimama kimya juu yake, haujali. Chini kabisa, karibu na ufuo, umbali wa mita mia mbili, lilionekana bati jekundu la paa limekaa juu ya theluji.

Kila mtu alikimbilia kwenye paa. Watu wa kikosi wakajipanga mstari, bega kwa bega, na zile fimbo zao nyembamba ndefu, wakichoma theluji, hatua moja, wakichoma, hatua moja. Katapila la bandarini likaja likinguruma. Mbwa wa kunusa alikuwa ng'ambo ya mlima, barabara imefungwa. Meli ya msaada kutoka mji mkubwa ilisema itachukua muda wa saa nne kufika.

"Nani alikuwa na mama yako?" mtu akauliza.

"Marivic," Steinar akasema. Uso wake ulikuwa kama jiwe.

Teofil hakwenda kwenye paa. Alikuwa amesimama peke yake juu kule, palipokuwa na nyumba, akitazama chini kama mtu aliyedondosha funguo. Aliponiona akaniita kwa mkono.

"Wiesia, nyumba hii ina chumba cha chini?"

"Kipo. Marivic hufulia nguo huko."

"Dari lake la mbao au la zege?"

Sikujua. Mirek alikuwa amenifuata, akihema.

"Zege," akasema. "Mimi ndiye niliyewabadilishia bomba la maji moto mwaka jana. Linaingia kona ya huku, kutoka mtaani. Kuna kisanduku cha vali, na mfuniko wa chuma."

"Unaweza kupata mahali penyewe?"

Mirek, ambaye sijawahi kumwona akikaa dakika mbili bila utani, akatazama mlima, akatazama nguzo nyingine ya mtaa iliyobaki imesimama, akahesabu hatua kwa sauti. Akachimba kwa koleo la kiwandani. Mara ya kwanza, theluji tupu. Mara ya pili, koleo likalia juu ya chuma.

Teofil akavua kofia ya sufu. Akapiga magoti ndani ya shimo, akalaza sikio lake kwenye bomba. Kule chini katapila lilikuwa likinguruma na watu wakipigiana kelele. Akainuka bila neno, akateremka mteremko wote akizama mpaka mapajani, akaenda akasimama mbele ya kijiko cha katapila, mikono juu.

Steinar alimjia mbio. "Toka hapo, Teo! Rudi kiwandani! Hii si kazi ya kila mtu!"

Nilikuwa nyuma yake, nikatafsiri. Teofil alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie nataka dakika tatu. Injini zote. Midomo yote. Dakika tatu tu."

"Mama yangu yuko chini ya lile bati!"

"Labda," Teofil akasema. "Na labda yuko chini pale juu, nilipotoka. Sijui. Ndiyo maana nataka kusikiliza."

Nilitafsiri na hilo. Steinar alimtazama. Kwa miaka minne alikuwa amemwambia yule mtu beba hiki, osha kile, wahi kesho. Sijui wakati ule alimwona nani. Aliinua redio mdomoni.

"Zimeni kila kitu. Kila kitu. Asiongee mtu."

Injini ya mwisho ikakata. Na hapo, ndugu zangu, nikajua kwamba sijawahi kusikia ukimya. Watu zaidi ya mia walisimama juu ya theluji, wenyeji na wageni, wazee na akina mama, na hapakuwa na kikohozi. Pumzi zetu zilipanda kama moshi wa mishumaa. Mbali kule kwenye ghuba barafu ilijikwaruza, ikanyamaza.

Teofil akagonga bomba kwa spana. Mara tatu. Akalaza sikio. Akagonga tena mara tatu. Akalaza sikio. Nilimwona Mirek akipiga ishara ndogo ya msalaba, karibu na kifua, asionekane. Mara ya tatu Teofil akagonga, akalala, akafumba macho.

Uso wake haukubadilika. Aliinua tu kidole kimoja. Kisha cha pili. Kisha cha tatu.

Akaniashiria. Nikalala kifudifudi, nikaweka sikio langu pale lilipokuwa lake. Chuma kiliniunguza kwa baridi. Sikusikia kitu, halafu nikasikia: tk. Tk. Tk. Kidogo sana, kama ukucha kwenye kikombe. Ilitoka chini ya tani sijui ngapi za theluji, na ilikuwa inatuhesabia.

"Kuna anayegonga," Teofil akasema. "Anayegonga yu hai."

Steinar akaja, naye akalala pale pale. Jitu lile zima, limelala juu ya theluji kama mtoto kwenye mapaja, sikio kwenye bomba, na hakutaka kuinuka. Iliwabidi wenzake wamshike mabega. Alipoinuka akaita katapila lije.

"Hapana!" Neno hilo Teofil alilijua kwa lugha yao. Kisha kwangu: "Mwambie mashine ikikanyaga hapa, dari linawaangukia. Tunaingia kwa ubavu, kwa mikono, na kila tunapopita tunaegemeza kuta zisituangukie. Nataka mbao."

"Mbao gani? Hapa hakuna hata mti," Steinar akasema, na ni kweli, katika nchi ile mti ni kitu cha kupigwa picha.

"Kiwandani kuna paleti mia nne za mbao, za kupangia mizigo," Mirek akadakia. "Nimezipanga mwenyewe."

Tukapanga mstari kutoka kiwandani mpaka juu. Paleti zilipita mkono kwa mkono, na wengine walizivunja kwa shoka pale pale kutoa vipande. Upande wangu wa kushoto alikuwa mwalimu wa shule, ambaye nilikuwa nimepishana naye miaka minane bila yeye kunijua jina. Upande wa kulia alikuwa binamu yake Marivic, akilia bila kuacha kazi, machozi yakiganda mashavuni. Nilimpokea paleti.

Mbele kabisa, ndani ya ule mtaro uliokuwa ukizidi kwenda chini, alikuwa Teofil. Mwanzoni nilimtafsiria. Baadaye hakuhitaji. Alikuwa na maneno kumi ya lugha yao, na siku ile yalimtosha: mbao, polepole, kimya. Steinar alikuwa akimletea vipande.

"Hiki?"

"Fupi."

"Hiki?"

"Ndiyo. Kingine."

Nilimtazama akiweka vile vipande, akivipiga kofi, akisikiliza mlio wake, akivisogeza upana wa kidole. Nilimfahamu kama mtu wa kusukuma matoroli ya samaki. Nikaona kwamba mikono ile ilikuwa na elimu kubwa ambayo sisi sote tulipita kando yake kila asubuhi tukitafuta glovu.

Kila baada ya robo saa alisimamisha kazi. Kimya. Anagonga. Anajibiwa. Tunaendelea. Lakini kwenye saa saba hivi aligonga, akalaza sikio, akakaa. Akagonga tena. Akakaa zaidi. Aliponyanyua uso ulikuwa wa majivu. Steinar alikuwa akimtazama.

"Chimbeni," Teofil akasema.

Saa nane na nusu walifika kwenye kidirisha cha chumba cha chini. Kioo kilikuwa kimevunjika na theluji imeshindiliwa ndani. Teofil akafunga tochi kichwani, akaingia kwa tumbo. Tukaona nyayo za mabuti yake, kisha hazikuonekana. Nilihesabu mpaka themanini. Ndipo sauti yake ikatoka ardhini, kwa Kisilesia chake ambacho tulikuwa tukikicheka:

"Wiesia! Wawili! Wote wawili wanapumua!"

Nikasema kwa lugha ya wenyeji. Nikasema kwa Kipolandi cha kwetu. Hakuna aliyeshangilia. Watu walivua kofia, ndivyo nilivyoona, mstari mzima mpaka kiwandani, vichwa wazi kwenye baridi ile.

Bibi Sigurlaug alitoka wa kwanza, amefungwa blanketi, amelazwa juu ya mfuniko wa kasha kubwa la samaki. Alitazama mbingu, akatutazama sisi, akamwona mwanawe.

"Steinar," akasema, kwa yale maneno yake machache. "Kofia. Utaugua."

Kisha akatolewa Marivic. Macho yalikuwa wazi, midomo ya buluu. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kama kucha za ndege. Madaktari walimkata ncha za vidole viwili. Alilala hospitali ya mji mkubwa wiki tano.

Nilikwenda kumwona barabara ilipofunguliwa. Nilikaa kwenye kiti, nikamwekea machungwa mezani. Akaanza yeye.

"Wiesława. Leo umekuja kuniambia naimba vibaya?"

"Nimekuja kukusalimia," nikasema. "Salamu za miaka miwili."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikusamehewa kwa maneno mazuri. Alinipa chungwa nimenye, maana yeye vidole vyake vilikuwa kwenye bandeji. Nikamenya. Akanisimulia. Asubuhi ile madirisha yalianza kuvuma, si kwa upepo, upepo ulikuwa umekwisha. Bibi alikuwa anakula uji. Akashika aproni ya Marivic kwa mkono wake mzima, akasema, "Chini."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Mtu mwenye maneno ishirini tu hayapotezi. Nilimbeba mgongoni. Tuko kilo sawa, mimi na yeye! Mguu wangu ulipogusa sakafu ya chini, nyumba juu yetu ikaondoka kama mtu anavyofunua sufuria."

Walikaa wamekumbatia tanki la maji moto mpaka likapoa. Marivic aliimba ili bibi asilale. Aliposikia bomba likigongwa alidhani ni malaika. "Halafu nikafikiri, malaika hatumii spana." Akatafuta gizani kitu cha kujibia, akakuta bado ana kijiko cha uji mkononi.

"Na saa saba? Mbona ulinyamaza?"

Akatazama dirishani. "Nilizimia. Nilipozinduka nilisikia mtu anagonga karibu yangu. Ni bibi. Alikuwa amenitoa kijiko mkononi, anagonga kwa ule mkono wake wa kushoto. Taratibu, taratibu. Pengine ninyi hamkusikia."

Hatukusikia. Na Teofil je? Nilikuwa nimeshamuuliza, jioni ileile ya poromoko, tumekaa kwenye ukumbi wa chakula wa kiwanda, supu mbele yetu, na watu wamemzunguka wakimwogopa kidogo.

"Sikusikia," akasema.

"Sasa uliwaambiaje wachimbe?"

Alikoroga supu. "Kwenye mgodi wangu wa mwisho niliwasikia watu watatu siku mbili. Wanagonga, najibu. Siku ya tatu wakanyamaza. Wakubwa wakasema basi, gesi imepanda, tokeni. Tukatoka. Mimi nilikuwa wa mwisho kuondoa sikio." Akanywa kijiko kimoja. "Walipofikiwa baadaye, daktari alisema mmoja aliishi mpaka siku ya nne. Alikuwa hana tu nguvu ya kugonga."

Mirek alikuwa amesimama nyuma yetu na mkate mkononi. Hakusema Mjerumani. Aliuweka mkate karibu na supu, akaenda zake.

Tarehe ishirini na tano Januari jua hurudi Kaldavik. Tangu Novemba mlima unalificha, na siku linapochungulia kijiji kizima hukutana shuleni kunywa kahawa na kula chapati nyembamba za sukari. Bibi Sigurlaug aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, maana alikataa kata kata kubaki kitandani. Akaonyesha kwa kidole kiti kilichokuwa kando yake, na Teofil akaitwa akikalie. Steinar akasimama mbele yake, akizungusha kikombe.

"Kikosi kinakutaka," akasema. "Nimekuomba mara mbili."

"Mwambie mimi ni mzee," Teofil akanijibu mimi.

Nikatafsiri. Bibi akamgeukia. Akamshika sikio, ndiyo, sikio lenyewe, lile kubwa la kulia, akalivuta mbele ya watu wote kama anavyovutwa mtoto mtundu.

"Hili," akasema. "Si lako peke yako."

Jua likaingia dirishani wakati ule, likapita juu ya meza, juu ya vikombe na nyuso, dakika kumi na moja tu, likaondoka. Teofil alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposema ndiyo, alilisema kwa lugha yao.

Nisiwadanganye kwamba tuligeuka ndugu kuanzia siku ile. Yupo mwenyeji aliyesema, mwezi haujaisha, kwamba Wapolandi sasa watajiona wenye kijiji. Wapo wenzetu waliosema Teofil anajipendekeza. Lakini mwalimu wa shule alinikaribisha kahawa, na mimi na Marivic tunabishana mezani kila siku ya kazi kama watu wenye undugu. Anatumia kisu kwa mkono wa kushoto sasa, na bado ana kasi kunishinda.

Teofil ana miaka sitini na mmoja. Hajarudi Silesia ila kwa mazishi. Vikosi vya ghuba nyingine humwita awafundishe kuegemeza mbao na kusikiliza. Mwaka jana nilikwenda naye kutafsiri, ingawa hanihitaji tena. Aliwalaza vijana arobaini kifudifudi juu ya theluji, redio zimezimwa, kwa saa nzima. Walipoinuka, mmoja wao, binti mrefu mwenye pua nyekundu, alisema:

"Teo, mimi sijasikia kitu chochote."

"Vizuri," akamwambia. "Kesho tunalala tena."